Ng'ombe yuko Chanika, maziwa yakashushwe Bunju?

Wafugaji wenzangu, hili la kulazimishwa kuuza maziwa kwa kiwanda kimoja tu, kule Bunju, upande mwingine wa Dar es Salaam, mpaka lini? Kituo cha jirani chenye tangi la kupozea kipo, lakini ukiuza pale unaitwa msaliti! Kisa?

Maziwa yanatoka kwenye kiwele na joto la nyuzi 37 hivi. Yanatakiwa yapozwe hadi nyuzi 4 ndani ya saa mbili. Sasa bodaboda imenasa kwenye foleni, dumu la plastiki linapigwa jua, yatafika maziwa au mtindi?

Yakifika, yanachanganywa na spiriti kiasi sawa kwa sawa, kupima kama yameanza kuchacha. Yakikatika, rudi nayo. Yakipona, laktomita, kile kipimo cha uzito wa maziwa, inakungoja! Na hapa ndipo pananiuma. Laktomita nyingi zimetengenezwa zisomwe kwenye nyuzi 20. Maziwa yenye joto ni mepesi, kwa hiyo kwenye nyuzi 28 yanasoma 27, na mtu anaambiwa kaongeza maji. Mbele za watu! Ninyi wapimaji wa kiwanda, kwa nini hamuongezi 0.2 kwa kila nyuzi iliyozidi? Nyuzi 8 ni 1.6, jumla 28.6. Maziwa halisi husoma 28 hadi 32. Maji yako wapi hapo?

Pumba ananunua mfugaji, mashudu yeye, daktari wa mifugo yeye, yakimwagwa hasara yake. Halafu kiwanda cha kuuzia achaguliwe na wengine?

Ninyi wa kiwanda, leteni tangi lenu Chanika, na jenereta, maana umeme ukikatika usiku mzima tangi halipozi kitu. Hapo ndipo tuzungumze mkataba.