Msiuze minara kwa kilo

Mnara wa chuma wa mita 30 ukishafika kwenye mizani ya chuma chakavu, hauna tofauti na geti bovu. Unakatwa kwa gesi, unapakiwa kwenye Fuso, mwenye mali anahesabiwa chake na habari imeishia hapo. Roho huniuma kila nikisikia mnara umeenda hivyo. Matangazo ya televisheni ya analojia yalianza kuzimwa nchini mwishoni mwa mwaka 2012, redio kol za misheni na mashirika zilipoteza kazi simu za mkononi zilipoenea, na kampuni za simu siku hizi huchangia mnara mmoja. Chuma kilichotunzwa vizuri hakifi pamoja na kazi yake. Naomba kabla hakijafikishwa kwenye mizani, waulizwe kwanza vyuo vya ufundi, shule za sekondari na watu wa redio ya ridhaa.

Kwa asiyeijua, redio ya ridhaa ni mawasiliano ya watu binafsi wanaojifunza na kufanya majaribio, si biashara. Unapata leseni TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, unapewa alama ya wito inayoanza na 5H, kisha unaita. Anayekujibu anaweza kuwa Ukerewe au Osaka, na hapo katikati hakuna bando wala mtambo wa kampuni yoyote. Sijaona darasa la fizikia linalomshika kijana kama hilo.

Sasa mnara unaingiaje? Mawimbi mafupi hufika mbali kwa kupanda hadi tabaka la juu la anga, ionosfea, na kurudishwa chini. Yakiondoka yamelala yanaruka mbali, yakiondoka yamesimama yanaangukia karibu. Kwenye megahezi 14, ambako wimbi moja lina kama mita 21, antena ya mlalo iliyo mita 10 juu ya ardhi hurusha nguvu yake kubwa kwenye pembe ya karibu digrii 30. Ipandishe hadi mita 20, pembe inashuka hadi kama digrii 15. Redio ni ileile na umeme ni uleule, kilichobadilika ni kimo tu. Juu ya mnara huo ndipo unapoweka Yagi, antena iliyobuniwa Japani mwaka 1926 na Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi. Zile za TV tulizokuwa tukizizungusha juu ya bati huku tukipiga kelele "imeshika?" ni za ukoo huohuo. Ila hii ya megahezi 14 kila mkono wake una karibu mita 10, na upepo wa ziwa ukiipiga, mnara mzima unaujua.

Nisiwadanganye vijana, hata hivyo. Kwa mazungumzo ya kanda yetu hii ya Ziwa Victoria hamhitaji mnara mrefu. Waya wa shaba wa mita 20, uliokatwa katikati na kulishwa hapo, ukining'inizwa mita 5 au 6 tu kwa megahezi 7, hurusha karibu wima na kurudi juu ya Musoma, Bukoba na Kigoma mchana kweupe. Kwa VHF, mawimbi mafupi zaidi yanayokwenda karibu moja kwa moja, ndiyo kimo kinalipa tena: mita 30 zinakupa upeo wa kama kilomita 22, mita 120 zinakupa kama 45. Nansio, kisiwani Ukerewe, iko karibu kilomita 50 kutoka mjini Mwanza. Piga hesabu mwenyewe, kisha inua macho uitazame milima ya Isamilo na Bugando. Mnara mfupi juu ya kilima cha Mwanza unaushinda mnara mrefu wa bondeni.

Sehemu inayonikera ni haraka. Watu wakipewa mnara wa bure wanataka usimame Jumamosi hiyohiyo. Mnara wa mtumba unasomwa kwanza. Miguu ya bomba hupata kutu kwa ndani: chini kabisa pana kitundu cha kutolea maji, nyigu wakijenga humo au udongo ukiziba, maji ya mvua yanalala ndani ya chuma mwaka mzima. Kwa nje zinki inang'aa. Chukua nyundo ndogo, gonga kuanzia juu ukishuka. Chuma kizima kinalia, kilicholika kinajibu kwa sauti nzito iliyokufa, na wakati mwingine unga wa kahawia unamwagika kwenye kitundu. Kipande hicho, na hicho tu, ndicho cha kwenda kwenye mizani.

Halafu stei, yaani nyaya zinazoushikilia mnara usianguke. Kwa mnara wa mita 30, nanga zake zinakaa mita 18 hadi 24 kutoka kwenye kitako, pande tatu zilizogawanywa sawa, kwa hiyo kiwanja cha kubanana hakifai. Mwamba wetu wa itale ni zawadi hapa, unatoboa na kufunga boliti ndani ya jiwe lenyewe. Lakini hakikisha ni mwamba uliotoka ardhini. Jiwe lililokaa juu ya jiwe si nanga, hata liwe kubwa kama nyumba. Na asipande mtu mnara ambao stei zake zimelegezwa bila kufungwa nyingine za muda. Hapo ndipo mafundi hufia.

Radi sasa. Anayeishi kando ya ziwa hili hahitaji kuambiwa: usiku upepo wa nchi kavu hukutana juu ya maji na mawingu ya radi huumuka hapo, na bonde la Ziwa Victoria ni kati ya maeneo yanayopigwa sana na radi duniani. Mlimani kwetu udongo ni mchache na itale haipitishi umeme vizuri, kwa hiyo fimbo moja ya ethi, ya kuupeleka umeme wa radi ardhini, ni kujifariji. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Herbert Ufer alikabiliana na ardhi kavu ya Arizona akilitumikia jeshi la Marekani, na akaonyesha kuwa chuma kilichozikwa ndani ya zege la msingi ni ethi nzuri, kwa sababu zege hutunza unyevu. Basi nondo zifungwe pamoja na kuunganishwa na mnara kabla zege halijamwagwa, kisha waya za shaba zitawanywe ardhini pande zote. Zege likishakauka, nafasi hiyo imekwenda. Kibali cha urefu cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, nacho kitafutwe mapema, maana ndege za Mwanza hushukia hapahapa Ilemela.

Tarehe 26 Desemba 2004, tsunami ilipopiga visiwa vya Andaman, waendeshaji wa ridhaa kutoka India waliokuwa Port Blair kwa ajili ya burudani yao ndio waliobaki wakipeleka habari za ndugu kwa ndugu. Sisi tuna Ukara, Kome, Goziba. Watu wenye ujuzi huo hawapatikani siku ya msiba, wanakuzwa miaka mingi kabla, kwenye uwanja wa shule wenye mnara.

Kwa hiyo wewe unayebomoa, weka mtungi wa gesi pembeni. Fungua boliti kwa spana, zitie kwenye kiroba pamoja na nati zake, na andika namba kwa rangi kwenye kila kipande kabla hakijashuka, kuanzia cha chini. Kama mchoro wa msingi upo, utoe nao.