Anayesoma Uhispania Aanzie Makaburini

Muziki na dansi ya flamenco, mafahali wanaokimbia mitaani Pamplona, vita vya kurushiana nyanya vya Buñol, wali wa paella. Kozi nyingi za chuo zinazoitwa "Utamaduni na Jamii ya Uhispania" huanzia hapo, na nyingine huishia hapo hapo. Mhadhiri anaonesha video, wanafunzi wanafurahi, muhula unakwisha. Kwangu mimi huo ni utalii wenye cheti.

Ningekabidhiwa kozi hiyo, wiki mbili za kwanza zingekwenda zote kwenye bonde la Cuelgamuros, milimani kaskazini magharibi mwa Madrid. Huko ndiko Jenerali Francisco Franco, dikteta wa Uhispania, alikojenga basilika ndani ya mwamba, kuanzia 1940 hadi 1959, na juu yake akasimamisha msalaba wa mita 150. Miongoni mwa waliochonga mwamba ule walikuwamo wafungwa wa kisiasa, watu wa upande ulioshindwa na Franco katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1936 hadi 1939. Ndani imelazwa miili zaidi ya 33,000 ya pande zote mbili, na mingi ilifukuliwa kwenye makaburi ya halaiki ikapelekwa huko bila ndugu kuulizwa. Yaani muuaji na aliyeuawa wamewekwa chini ya paa moja. Franco mwenyewe alipofariki, 20 Novemba 1975, naye akazikwa humo humo, karibu na altare kuu, na wafuasi wake wakawa wanamletea maua miaka nenda rudi. Ni tarehe 24 Oktoba 2019 tu ndipo alipotolewa. Jamaa zake walilibeba jeneza mabegani hadi nje, helikopta ikalichukua, na nchi nzima ikaangalia kwenye televisheni.

Mwanafunzi akishaona hayo, swali linakuja lenyewe: kwa nini ilichukua karibu miaka 44? Hapo ndipo somo la jamii linapoanza. Atakutana na Sheria ya Msamaha ya Oktoba 1977, iliyowafungulia wafungwa wa kisiasa na wakati huo huo ikawakinga waliowatesa. Atakuta Wahispania wanaosema sheria ile ndiyo iliyowapa amani, na wengine ambao mifupa ya babu zao ingali kwenye mitaro ya barabarani, wanaouliza amani hiyo ilikuwa ya nani. Zikaja sheria za kumbukumbu ya wahanga wa vita na udikteta, za 2007 na 2022, na ubishi haujapoa. Sitaki mwanafunzi aharakishe kuhukumu. Nataka aweze kutetea kila upande kwa dakika kumi bila kuudhihaki, kwa Kihispania, mbele ya wenzake. Anayeweza hilo ameijua nchi kuliko aliyekariri majina ya vyakula.

Watanijibu kwamba lugha ya wanafunzi bado changa. Sawa, lakini kuna mambo yasiyohitaji msamiati mkubwa. Wimbo wa taifa wa Uhispania hauna maneno. Tazama mechi ya timu yao ya taifa: wachezaji wamejipanga, muziki unapigwa, midomo imefungwa au inaguna tu. Mwaka 2008 yalipendekezwa maneno, yakazua zogo, yakaondolewa baada ya siku chache. Mpe mwanafunzi wa mwaka wa kwanza video hiyo na umuulize ni maneno gani yangeimbwa pamoja na Mkatalani na Mbaski, ambao kwao kuna lugha zao wenyewe, na mtu wa Madrid. Au mwoneshe dari ya Bunge, ambako matundu ya risasi za tarehe 23 Februari 1981 yameachwa makusudi, tangu Luteni Kanali Antonio Tejero alipoingia na askari wake akitaka kuipindua demokrasia. Chini ya dari hiyo hiyo, tangu Septemba 2023, wabunge wanaruhusiwa kuhutubia kwa Kikatalani, Kibaski au Kigalisia, na wenzao kuvaa vifaa vya tafsiri masikioni. Wapo wanaoona ni haki iliyochelewa, wapo wanaoona ni fedha inayotupwa.

Flamenco nayo ibaki, sina ugomvi nayo. Ila isifundishwe kama burudani ya hotelini, bila kuwataja Wagitano, yaani Waroma wa Uhispania, wa Andalucía kusini mwa nchi, na dhiki walizopitia.

Kinachoniudhi zaidi ni jinsi Afrika inavyowekwa pembeni. Kwenye mitaala niliyoiona, Mwafrika hutokea mara moja, kwenye sura ya uhamiaji, akiwa ndani ya mtumbwi. Hatumwoni akiwa ndani ya vitalu nyumba vya plastiki vya Almería, kusini mwa Uhispania, ambako watu wa Morocco na Afrika Magharibi huchuma mboga zinazouzwa Ulaya nzima. Wala hatuelezwi kuhusu Guinea ya Ikweta, iliyojipatia uhuru kutoka kwa Uhispania tarehe 12 Oktoba 1968, siku ile ile ambayo Uhispania huadhimisha sikukuu yake ya taifa. Kihispania ni lugha rasmi huko, na ni lugha rasmi ya Umoja wa Afrika pia, sambamba na Kiswahili chetu. Mwanafunzi wa Dodoma au Eldoret anayesoma Kihispania ana wenzake Malabo, jiji la Guinea ya Ikweta, wanaokiongea tangu utotoni, na wana mengi ya kusema kuhusu Uhispania iliyowatawala wazee wao. Nashangaa kozi inayomwacha amalize shahada bila kuwasikia hata mara moja.