Msiwaite wa Kupita Watu Wanaopakua Lori Kila Usiku

"Hao ni wa kupita." Nimeisikia tena kauli hiyo mwezi huu, na safari hii haikutoka kwa mwajiri. Aliyeitamka ni afisa wa chama cha wafanyakazi, alipoulizwa kwa nini vijana wanaopanga parseli usiku hapa Kisumu hawamo kwenye orodha ya wanachama. Mwajiri akisema hivyo anatetea mfuko wake. Chama kikisema hivyo kinajikata miguu, na ndiyo maana neno lile limenikera hadi leo.

Tuitazame kazi yenyewe. Lori linatoka Nairobi jioni, linashusha mzigo wa Nakuru usiku wa manane, linapita Mau Summit na Kericho na kuingia Kisumu alfajiri. Kabla jua halijachomoza, kila kifurushi kiwe kimeshushwa, kimepigwa skana na kupangwa kwa eneo: Siaya, Bondo, Busia, Kakamega, Homa Bay. Gunia la Bondo likipotelea kwenye rundo la Busia, mteja amekosa mzigo wake siku nzima. Wanaoifanya kazi hiyo kwa saa nne au tano ni vibarua wa zamu fupi, wanaolipwa kwa siku au kwa wiki kupitia M-Pesa, wengi wao bila barua yoyote ya ajira. Dereva wa kudumu anafika asubuhi na kukuta gari limeshapakiwa.

Sasa njooni kwenye hesabu, kwa maana hapa ndipo vyama vinapoanguka. Kifungu cha 54 cha Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya Kenya ya 2007 kinamtaka mwajiri akitambue chama kinachowakilisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kujiunga nacho. Chukua mfano wa bohari yenye madereva na makarani 34 wa kudumu, na vibarua 56 wa zamu fupi. Jumla ni 90, kwa hiyo chama kinahitaji watu 46. Katibu wa tawi akiwasajili wa kudumu wote, asiache hata mmoja, bado amepungukiwa na 12. Anapeleka barua ya kutaka kutambuliwa, kampuni inajibu kwamba ina wafanyakazi 90, na mazungumzo yanafia hapo. Kampuni hiyohiyo, kibarua akiidai likizo, inamwambia kwamba yeye si mfanyakazi wake. Inamhesabu inapotaka kukizuia chama na kumfuta inapotakiwa kulipa, na chama kinachomwita wa kupita kinaisaidia kumfuta.

Kwa hiyo usajili uanzie kwenye sakafu ya kupangia mizigo. Kwanza someni katiba ya chama chenu, sehemu ya uanachama. Kama inataja wafanyakazi wa kudumu peke yao, irekebishwe kabla ya kuchapisha fomu hata moja, maana wakili wa mwajiri ataisoma. Pili, jueni mwajiri ni nani. Kampuni nyingi huleta vibarua kupitia wakala, na njia ya haraka ya kujua ni kumwomba kila mtu afungue ujumbe wa M-Pesa wa malipo yake ya mwisho na kusoma jina la aliyetuma. Likiwa jina la wakala, nyaraka zipelekwe kwa wakala na kwa kampuni pia. Nyaraka zikienda kwa kampuni peke yake, jibu litakuwa "hawa si wetu", na mtakuwa mmepoteza miezi.

Halafu Fomu S. Hii ndiyo karatasi inayomwamuru mwajiri kukata ada ya chama kwenye mshahara, na chini ya kifungu cha 48 anapaswa kuanza kukata ndani ya siku 30 tangu apokee notisi. Ndiyo pia ushahidi wa wingi wenu, kwa hiyo isijazwe kwa haraka langoni huku mtu akikimbilia matatu. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, kwa sababu kijana anayejulikana kama Odhiambo kazini anaweza kuwa na majina matatu tofauti kwenye kitambulisho, na fomu ya Odhiambo itakataliwa. Nambari ya kitambulisho isomwe kwa sauti na mtu wa pili aihakikishe. Tarehe ajaze mwenyewe. Toeni nakala tatu: ya mwajiri, ya tawi na ya mwanachama. Siku ya kuziwasilisha, barua ya juu itaje idadi kamili ya fomu na ipigwe muhuri wa kupokelewa. Wakikataa kupiga muhuri, itumwe kwa rejista ya posta siku hiyohiyo na risiti ihifadhiwe.

Kosa linaloua kampeni nyingi ni kukusanya polepole. Fomu za Januari zikiwasilishwa Juni, nusu ya waliotia sahihi hawapo tena. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba hapo yule afisa ana chembe ya ukweli: watu wa zamu fupi huondoka upesi. Lakini kuondoka kwao kunadai kasi. Panga wiki sita, uwe na mtu mmoja kwa kila zamu, na uwasilishe zote kwa mkupuo.

Ada nayo ni mtego. Shilingi 300 kwa mwezi ni kitu kidogo kwa dereva wa shilingi 40,000, lakini kwa kibarua aliyepata 9,000 ni unga wa siku kadhaa. Ada iwe asilimia ya kipato. Hilo haliamuliwi na katibu wa tawi kwa mdomo: chama kipitishe kwa mujibu wa katiba yake, na kiwango kiingie katika agizo la waziri linalomwongoza mwajiri.

Kuna jambo ambalo vibarua wenyewe hawaambiwi. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinambadilisha kibarua kuwa mfanyakazi wa mkataba akifanya kazi siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja, au akifanya kazi ambayo haitarajiwi kuisha katika siku za kazi ambazo jumla yake inafikia miezi mitatu. Ndiyo sababu supervaiza humwambia mtu "pumzika wiki ijayo" inapokaribia siku ya 28. Lakini lori linakuja kila usiku, mwaka nenda mwaka rudi. Kazi gani hiyo inayotarajiwa kuisha? Ili hoja hiyo isimame mahakamani, kila mmoja awe na daftari dogo la shilingi ishirini: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, namba ya lori, jina la supervaiza, kiasi alicholipwa. Daftari likiwekwa kando ya taarifa ya M-Pesa, tarehe kwa tarehe, ni vigumu kulikanusha. Na asiyekuwa na mkataba wa maandishi asikate tamaa. Mwajiri akishindwa kuuleta mahakamani, sheria inamtwika yeye mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi.

Atakayefukuzwa kwa sababu ya uanachama analindwa na kifungu cha 46 cha Sheria hiyohiyo ya Ajira, lakini mgogoro wa kufukuzwa unaopitia kwa chama uripotiwe ndani ya siku 90.

Madereva wengi wa kudumu wanaogopa kwamba vibarua watawashushia masharti. Wasome yaliyotokea Marekani. Agosti 1997 wafanyakazi wapatao 185,000 wa UPS, kampuni ya kusafirisha vifurushi, chini ya chama cha Teamsters, waligoma kwa siku 15. Zaidi ya nusu yao walikuwa wa muda mfupi, yaani wa saa chache kwa siku, na dai la mbele kabisa lilikuwa kugeuza kazi hizo kuwa za kutwa, yaani za saa kamili. Madereva wa kutwa walisimama nao, na kampuni ikakubali kuunda nafasi 10,000 za kutwa kutokana na zile fupi. Mwaka 2023 chama hichohicho kilipata mkataba uliopandisha malipo ya kuanzia ya wa muda mfupi hadi dola 21 kwa saa. Dereva wa Nakuru ajiulize tu: parseli zisipopangwa usiku, asubuhi atapeleka nini?

Jambo la mwisho ni mikutano. Tangazo la tawi husema "Jumamosi, saa nane mchana, ofisini". Saa nane mchana mpakiaji wa Nyalenda au Kaptembwo amelala, na usiku atarudi kazini. Kifungu cha 56 cha Sheria ya Mahusiano ya Kazi kinakipa chama haki ya kuingia katika eneo la kazi kwa utaratibu unaofaa, kusajili na kukutana na wanachama. Kitumieni. Andikeni barua ya kuomba mkutano wa saa moja asubuhi, zamu inapotoka, dakika ishirini tu, hapohapo kwenye sakafu. Mwakilishi wa zamu ya usiku achaguliwe na zamu ya usiku, kutoka miongoni mwao, ikiwezekana yule ambaye daftari lake halijaruka hata siku moja.