Mkoba wa Mama Mkwe

Mkoba wa viraka ulioshonwa vizuri huwa na tabaka tatu: viraka vyenyewe juu, kitu kinene katikati na bitana ndani, kisha mistari ya uzi hupitishwa humo mote ili zishikane. Katikati niliweka blanketi jepesi la mtumba kutoka soko la Kibuye, hapa Kisumu, kwa sababu sponji niliyoonyeshwa ilikuwa ya makochi, na mkoba wa sponji hiyo ungesimama wenyewe kama kiti.

Vitambaa havikunisumbua. Nilikuwa na mabaki ya vitenge kutoka kwa fundi jirani, pamoja na leso mbili zilizochakaa mjini, yaani sehemu ya katikati, lakini zenye pindo la kupendeza. Jina la leso ya kwanza lilikuwa NANI KAMA MAMA, na la pili HASIDI HANA SABABU. Wengi wakikata leso hulitupa jina. Mimi sikulitupa, kwa kuwa kile kisanduku cheupe kinachobeba maandishi kilipumzisha macho kati ya wekundu na weusi uliojaa kila mahali.

Basi nikayakata majina yale vipande, nikavichanganya na vitenge na kuvipanga sakafuni kwa rangi. Ninajitetea hadi leo: mpanga viraka hutazama rangi, hasomi. Isitoshe, viraka hushonwa vikiwa vimelazwa uso kwa uso, kwa hiyo ukiwa kwenye cherehani huoni ila migongo ya vitambaa, na herufi zilizopenya upande wa pili huonekana kinyumenyume. Wasiwasi wangu wote ulikuwa kwenye sindano, iliyovunjika pale mishono minne inapokutana juu ya blanketi, hadi nilipotia namba 16 na kulizungusha gurudumu polepole kwa mkono.

Mama mkwe aliupokea kwa vigelegele, akautia begani papo hapo na kuondoka nao kwenda kwenye chama cha akina mama, ambako yeye ndiye mweka hazina. Nilimfuata nyuma kwa fahari, na hapo ndipo nilipousoma mkoba wangu kwa mara ya kwanza. Juu: HASIDI. Chini yake, kwa herufi za ukubwa uleule: KAMA MAMA.

Nikamwomba nimbebee, akasema zawadi hubebwa na mwenyewe. Nikamshauri augeuze, kwamba upande wa vitenge ndio unaopendeza zaidi. Akajibu kwamba upande wenye maandishi ndio unaoonyesha kuwa mwanawe ameoa msomi. Yeye mwenyewe hakuwa ameyasoma, kwani miwani yake ilikuwa ndani ya mkoba.

Chamani tulipokewa kwa kimya cha ajabu, kisha mama mmoja akasoma kwa sauti. Mama mkwe akatoa miwani, akaivaa, akasoma pole pole, akanigeukia.

"Nyar Nakuru," akasema bila kuinua sauti, akiniita kwa mji nilikozaliwa, "mimi nimekukosea nini?"

"Hana sababu," akajibu jirani yake.

Hakuwa akinisingizia. Alikuwa amechungulia ndani, na kwenye mfuko mdogo wa bitana ndiko nilikokuwa nimeshona kipande kilichobaki: HANA SABABU.

Aliyeniokoa ni mama mmoja aliyelelewa Mombasa, ambaye alisema kwamba leso zote mbili anazo kabatini. Aliupindua mkoba bila kuomba ruhusa, sarafu, peremende na daftari la mikopo vikamwagika mezani, na kwenye kitako chake akalikuta neno NANI likiwa limetulia peke yake. Akaanza kuonyesha kwa kidole, kitako, ubavu, kisha ubavu, mfuko, akiyakariri majina yote mawili yakiwa kamili, hadi wanachama wakacheka na kujifuta machozi kwa pembe za leso zao.

Nilijitolea kuufumua usiku uleule. Mama mkwe alikataa katakata. Mweka hazina, alisema, anahitaji hasa mkoba wa namna hiyo, na siku hizi kikao kikianza huuweka mezani kando ya daftari, HASIDI ikiwaelekea waliochelewesha mikopo. Katibu wa chama naye ameniagiza wa kwake, kwa sharti kwamba uwe wa vitenge vitupu.