Mgonjwa Aulizwe: Haiba ya Roboti Isipangwe Bila Yeye

Mtu akipata kiharusi, kinachobadilika si mkono na mguu peke yake. Mama yangu mdogo alikuwa mtu wa kuzungumza na mgeni saa nzima bila kuchoka, lakini kwa miezi mingi baada ya kuugua alitaka kuachwa kimya, na waliomjia kwa bashasha, wakidhani wanamrudisha katika hali yake ya zamani, ndio waliomchosha kuliko wote. Namkumbuka kila ninaposoma habari za roboti za afya zinazopewa haiba, yaani namna maalumu ya kusema, kasi ya mwendo na kiwango cha uchangamfu au upole, ili mgonjwa azikubali kwa urahisi. Wazo lenyewe sina ugomvi nalo. Ninachokipinga ni haiba hiyo kupangwa mara moja, mgonjwa akiwa hana kauli.

Kwamba binadamu huiona haiba hata pale ambapo pana mashine tupu, tumelijua kwa muda mrefu. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT nchini Marekani alichapisha maelezo ya ELIZA, programu iliyoyachukua maneno ya mtu na kumrudishia kwa sura ya swali. Weizenbaum alisimulia baadaye kwamba katibu wake, ambaye alimwona akiitengeneza kwa miezi kadhaa, alipoanza kuongea nayo alimwomba yeye atoke chumbani. Paro nayo, roboti ya Kijapani iliyobuniwa na Takanori Shibata kwa umbo la mtoto wa sili, mnyama wa bahari za baridi, haisemi hata neno moja. Hulia, hufumba macho na kugeukia sauti, na bado wazee wenye maradhi ya kupoteza kumbukumbu huipakata na kuisimulia mambo yao. Shibata alimchagua sili kwa sababu ni watu wachache mno wanaomfahamu mnyama huyo kwa karibu, ilhali paka au mbwa wa bandia angelinganishwa mara moja na wa kweli. Kwangu mimi huo ni uamuzi wa busara sana, kwa kuwa unakiri kwamba sehemu kubwa ya haiba ya roboti huletwa na mgonjwa mwenyewe.

Je, roboti ifanane na mtu inayemhudumia, au itofautiane naye? Mwaka 2001 Clifford Nass na Kwan Min Lee walichapisha majaribio ya sauti za kompyuta, ambamo wachangamfu walivutiwa na sauti changamfu na wakimya wakavutiwa na sauti iliyotulia. Miaka mitano baadaye Lee na wenzake waliliuliza swali hilo kwa kutumia AIBO, roboti ya Sony yenye umbo la mbwa, na jibu likageuka: washiriki walipendelea haiba iliyo kinyume na yao. Baada ya tafiti hizo, mwaka 2008, Adriana Ţăpuş na Maja Matarić walieleza kazi yao kuhusu roboti ya kusimamia mazoezi ya waliopata kiharusi, iliyowapa wachangamfu maneno ya kuwasukuma na wakimya maneno ya kuwabembeleza, na hapo kufanana kukaonekana kufaa.

Sioni kwamba mmoja wao amekosea. Naona kwamba kusikiliza sauti, kucheza na mbwa wa bandia na kunyoosha mkono uliopooza ni shughuli tatu tofauti, na kila moja inamtaka mwenzi wa namna yake. Zaidi ya hayo, dodoso la haiba humuuliza mtu jinsi alivyo kwa kawaida, na mgonjwa hayuko katika kawaida yake: kuna maumivu, kuna dawa zinazolevya, kuna usiku usio na usingizi na hofu asiyoweza kumwambia mtu. Muuguzi mzuri hulijua hilo bila dodoso lolote. Asubuhi humhimiza mgonjwa ainuke, hata kwa ukali kidogo, na jioni yeye huyo huyo hushusha sauti akikuta uso umejikunja.

Wataalamu wa mazoezi ya viungo watanijibu kwamba mgonjwa akiachiwa achague, atachagua roboti laini isiyomdai kitu, na mkono utabaki umelala. Hoja hiyo ni nzito, na wahenga wako upande wao waliposema mgonjwa haulizwi uji. Hata hivyo, idadi ya mazoezi na namna ya kuyadai ni mambo mawili. Idadi aipange mtaalamu. Sauti, mwendo na wingi wa maneno avichague anayeugua, na aweze kuvibadilisha kesho bila kuomba ruhusa. Kwa asiyeweza tena kueleza anachotaka, jamaa zake waulizwe, na uso wake uangaliwe.

Kuna jambo moja linalonitia wasiwasi kuliko mengine yote. Roboti yenye haiba ya kupendeza huambiwa siri, kama ELIZA ilivyoambiwa, na tofauti ni kwamba za leo zinaweza kuyatunza maneno na kuyapeleka kwingine. Upole ule ule unaomtuliza mgonjwa unaweza kumfanya akubali jambo ambalo angelikataa kama angeliombwa na karatasi. Kwa hiyo roboti imwambie waziwazi, kabla ya mazungumzo na kwa lugha anayoielewa, ni nani atakayeyasikia maneno yake. Na akisema nyamaza, inyamaze, wala isirudi kumuuliza kwa sauti tamu kama amekasirika. Ibaki ikitazama tu asianguke, mpaka yeye mwenyewe aiite.