Batman ndani ya bukta ya kuogelea: je, sehemu ya mawimbi iliharibu kila kitu?

Tarehe 16 Novemba 1967, kituo cha televisheni cha ABC nchini Marekani kilionyesha sehemu ya mfululizo wa Batman iliyoitwa "Surf's Up! Joker's Under!". Humo Joker, mhalifu na adui wa Batman, anataka kuwa bingwa wa kuteleza juu ya mawimbi. Anamteka Skip Parker, kijana hodari kuliko wote katika ufukwe wa Gotham Point, kisha kwa mtambo wake anahamishia mwilini mwake ujuzi na nguvu za kijana huyo. Akishakuwa mfalme wa mawimbi, vijana watamfuata, naye atakuwa ameukamata mji wa Gotham. Batman anaona dawa ni moja tu, kushindana naye. Anavaa bukta ya kuogelea juu ya mavazi yake ya kijivu, kinyago na joho viko palepale, anachukua ubao, anaingia majini.

Katika sehemu 120 za mfululizo ule, ni chache zilizowagawa watazamaji kama hii. Wapo wanaoitaja kuwa siku ambayo Batman alikufa kama shujaa. Wapo wanaoiweka pamoja na zile wanazozipenda kuliko zote. Nimezisikiliza pande zote mbili kwa muda mrefu, na naona kila upande umeshika kipande cha ukweli, ila walio wengi wanalaumu au kusifu kitu kisichohusika.

Wanaoipinga husema mfululizo ulianza na utani wenye uzito, ukaishia kwenye upuuzi mtupu. Huwakumbusha wenzao usiku wa kwanza, 12 Januari 1966. Mhalifu Riddler, aliyechezwa na Frank Gorshin kwa kicheko kile cha kuparua masikio, alimshtaki Batman mahakamani, akamtilia dawa kwenye kinywaji, akamteka Robin, kijana anayemsaidia Batman. Usiku uliofuata msichana wa genge la Riddler aitwaye Molly alitumbukia ndani ya kinu cha atomiki chini ya pango la Batman, akafa, na Batman akahuzunika kweli. Mtu alikufa katika kipindi cha vichekesho, na machozi yakawa na mahali pake. Ukitoka hapo ukafika kwenye bukta, wanasema, utaona jinsi kazi ilivyoporomoka.

Hoja hii ina nguvu, lakini inasahau nusu ya usiku uleule. Katika sehemu hiyohiyo ya kwanza, kabla Robin hajatekwa, Batman alicheza dansi ndani ya klabu akiwa na kinyago usoni, huku akipitisha vidole viwili mbele ya macho. Dansi ile ilipewa jina, Batusi, na watu waliiga. Kwa hiyo aliyemkubali Batman akicheza dansi Januari 1966 hawezi kudai kwamba ubao wa mawimbi wa Novemba 1967 umevunja ahadi. Ahadi tangu mwanzo ilikuwa ileile: jambo lisilowezekana lifanywe kwa dhati yote.

Hapo kwenye dhati ndipo wanaoitetea sehemu hii wanapokosea pia. Utasikia wakisema, "Acheni kulalamika, ni mzaha tu." Hapana. Mtayarishaji William Dozier na mwandishi Lorenzo Semple Jr. walijenga mfululizo huu juu ya kanuni kwamba chumvi itiwe nyingi, lakini mhusika mkuu asijue kamwe kwamba imezidi. Adam West, anayemcheza Batman, hacheki. Hamkonyezi mtazamaji. Anapozungumzia ubao wa kuteleza hutumia sauti ileile ya polepole, yenye vituo vya ajabu katikati ya sentensi, ambayo angeitumia kuzungumzia bomu. Angeleta mzaha yeye mwenyewe, nyumba ingebomoka. Kwa hiyo kumtetea kwa kusema ni mzaha tu ni kumnyang'anya sifa ya kazi yake.

Juzi nilimwonyesha sehemu hii mpwa wangu wa miaka 9. Mimi nilikuwa natabasamu kwa sababu nilikuwa naona mambo ya kiwandani: kila wanapoonyeshwa kwa karibu, Batman na Joker wamesimama mbele ya picha ya bahari, mawimbi yanakimbia nyuma yao bila kulingana na miili yao. Yeye alikuwa ameegemea mbele, mikono kwenye magoti. "Mjomba, akianguka je, kinyago hakitavuka?" Swali zito kabisa. Hakuona picha ya bahari, aliona bahari. Ndivyo mfululizo ule ulivyokusudiwa kutazamwa, watu wawili kwenye kochi moja, mmoja akiogopa na mwingine akicheka, na hakuna anayemharibia mwenzake.

Sasa mtazame Joker kwa karibu. Cesar Romero, aliyemcheza, alikataa kunyoa masharubu yake kwa ajili ya kazi hii, hivyo walipaka rangi nyeupe juu yake. Katika picha iliyo safi unayaona waziwazi juu ya mdomo, yameinuka chini ya rangi kama nyasi chini ya chokaa. Wengine huona kasoro. Mimi naona sehemu hii haina maana bila masharubu yale. Romero alizaliwa Februari 1907, maana yake alikuwa na miaka 60 aliposimama juu ya ule ubao. Mzee mwenye masharubu yaliyofichwa anafyonza nguvu za kijana kwa mtambo ili vijana wamwone kuwa mwenzao. Na hii ni 1967, wakati mchezo wa mawimbi wa California ulikuwa umeshapita kwenye filamu na santuri kwa miaka kadhaa, na watu wazima wa televisheni na matangazo ya biashara walikuwa wakikimbilia kila kilichopendwa na vijana ili wakiuze upya. Joker ni picha yao. Sijui kama mwandishi alikusudia, lakini hadithi inasimama hivyo, na kwa maoni yangu ni hadithi yenye akili kuliko inavyopewa heshima.

Kamishna Gordon na mkuu wa polisi O'Hara nao wanajigeuza watu wa ufukweni ili wapeleleze. Hapa nawaunga mkono wapinzani. Kichekesho kinarudia kitu kilekile ambacho Joker anakifanya vizuri zaidi, na kinakula dakika ambazo hazikuwepo.

Dakika ndizo jambo lenyewe. Katika misimu miwili ya kwanza, hadithi ya kawaida ilikuwa na sehemu mbili, Jumatano na Alhamisi. Jumatano iliisha Batman au Robin yuko kwenye mtego, na sauti ya msimulizi, ambaye alikuwa Dozier mwenyewe, ikawaambia watu warudi kesho, saa ileile, kituo kilekile. Mtoto alilala na hofu. Alibishana na wenzake shuleni. Hofu ile ya usiku mmoja ndiyo iliyosawazisha utani wote, kwa sababu hata mambo yawe ya kipuuzi vipi, ukishalala nayo yanakuwa mazito.

Msimu wa tatu, ulioanza Septemba 1967, ulibaki na usiku mmoja kwa wiki. Fedha zilipungua na hata mapambo ya maficho ya wahalifu yakawa vitu vichache vilivyosimamishwa mbele ya giza. Hadithi nyingi zilibanwa ziishe ndani ya nusu saa. Aliongezwa pia Batgirl, shujaa wa kike aliyechezwa na Yvonne Craig, mchezaji wa baleti aliyefunzwa hasa, ambaye kila akirusha mguu unaona mwili unaojua unachofanya. Nilitamani apewe nafasi, lakini ndani ya nusu saa yenye Joker, Skip Parker, polisi wa ufukweni na mashindano mazima, anabaki kupita tu.

Kwa hiyo ninapomsikia mtazamaji akisema bukta ndiyo iliyoharibu, namwuliza: je, kama sehemu hii ingekatwa katikati, Joker ameshanyonya nguvu za Skip Parker, mawimbi yanapanda, Batman ameshika ubao na skrini inazimika hadi kesho, ungelalamikia bukta? Wengi hunyamaza kidogo. Hadithi ilikuwa na kila kitu cha kuibeba siku mbili. Ilipewa siku moja, na mashindano yanakwisha kabla moyo haujaanza kudunda.

Mfululizo ulionyeshwa mara ya mwisho tarehe 14 Machi 1968, miezi minne tu baadaye, na ni rahisi kuutazama ufukwe ule kama dalili ya kifo. Mimi nikiirudia sehemu hii huwa narudisha nyuma pale pale: Batman anatoka akielekea majini, bukta juu ya kijivu, ubao mkononi. Watu wote ufukweni wanamtazama. Uso wake hautikisiki hata kidogo.