Mtaro Mmoja, Ramani Nyingi

Mwaka jana niliombwa kutengeneza programu ya simu ya kuonyesha vituo vya maji vya kata kadhaa. Ofisi yenye taarifa hizo ikanipa PDF: ramani nzuri, ya rangi, yenye nembo na vialama vya bluu. Siku tatu nzima nilikuwa nakuza kila kialama na kukadiria mahali kilipo. Nilipomaliza, ofisi ikatoa PDF mpya. Nikaanza upya.

Kinachoniuma ni kwamba data yenyewe ipo. Mtu alitembea juani na GPS, akajaza jedwali. Mwingine akalichora jedwali lile, na sisi wengine tukaachiwa picha tu.

Sasa tazama OpenStreetMap, ramani huru ya dunia ambayo yeyote anaweza kuichora na kuirekebisha. Tandale, Dar es Salaam, ilichorwa humo mwaka 2011 na wakazi pamoja na wanafunzi wa chuo. Mwaka 2015 Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani kwa kushirikiana na wakazi, ikaingia kwenye kata nyingine za jiji zinazokumbwa na mafuriko. Ukiiomba seva ya OpenStreetMap mtaro mmoja, haikuletei mstari wa bluu. Inakuletea XML, yaani maandishi yaliyopangwa ili kompyuta iyasome: pointi, kila moja na latitudo na longitudo yake, na maelezo mafupi kama waterway=drain (kwamba huu ni mtaro), pengine na upana. Rangi na unene wa mstari ni shauri la anayepokea.

Ndiyo maana mtaro uleule unaweza kubandikwa ukutani kwenye ofisi ya mtaa, ukaonekana kwenye OsmAnd, programu ya ramani, katika simu ya bodaboda asiye na bando, na ukasaidia kuchora ramani ya mafuriko inayoingia kwenye InaSAFE, programu ya kukadiria nyumba ngapi zitafikiwa na maji. Mtaro ukipanuliwa, mtu mmoja anarekebisha mara moja. Mwenye karatasi atachapa tena, mwenye simu atapakua tena, lakini hakuna atakayechora tena.

Ukiwaomba data yenyewe, maofisini hujibu kwamba watu wataipotosha. Lakini ni PDF iliyonifanya mimi niipotoshe: kituo kimoja nilikiweka ng'ambo ya mto, na mama mmoja akakifuata huko na ndoo zake.

Wala sidai mfumo wa mamilioni. Faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, kwenye anwani ya mtandaoni isiyobadilika linatosha kuanzia. Huduma kamili ya wavuti, inayojibu programu nyingine kwa JSON (mpangilio mwingine wa data kama XML), ije baadaye. Ramani yao ya rangi waendelee nayo, ila nayo isome kutoka faili hilohilo. Nimeshawaandikia barua kuomba lile jedwali, na wiki ijayo nakwenda mwenyewe na flashi.